Wasio na Ukoo wa Kuwapokea: Masasi, Lulindi na Makazi ya Wazee

Husemwa mara kwa mara kwamba makazi ya wazee ni jambo la kigeni kwetu, kwa sababu Mwafrika hutunzwa na ukoo wake mpaka anazikwa. Kwa wilaya za Masasi na Newala kauli hiyo ina ukweli, lakini ni ukweli nusu. Wamakua, Wayao na Wamakonde wa huko huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mjomba ana wapwa, bibi ana wajukuu, na mzee aliyeishiwa nguvu anajua ni mlango gani wa kubisha. Hata hivyo, eneo hilohilo limepokea, kizazi baada ya kizazi, watu ambao mlango huo haukuwapo kwao. Historia yao inaonyesha kwamba matunzo nje ya ukoo ni ya zamani kuliko makazi ya serikali, na kwamba kilichoyapa matunzo hayo uhai ni majirani.

Masasi ya wamisionari ilianza na watu wa aina hiyo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA aliondoka Zanzibar na kundi la watumwa walioachwa huru, nia ikiwa kuwarudisha upande wa Ziwa Nyasa walikotekwa wengi wao. Waliishia Masasi. Walikuwa wamenyang'anywa ukoo, na uhuru peke yake haukuweza kuwarudishia mjomba wala shangazi. Mwaka 1882 Magwangwara, yaani wapiganaji wa Kingoni, wakaivamia Masasi, wengine wakatekwa tena, na kituo kikahamia Newala chini ya mmisionari Chauncy Maples. Misheni ilirudi Masasi baadaye, ikachomwa tena wakati wa vita vya Maji Maji mwaka 1905, na bado ikainuka. Fedha za Uingereza zilisaidia, lakini fedha hazimlimii mtu shamba wala hazimpi mkwe. Jamii ile ilisimama kwa sababu ilishikamana na wenyeji waliokuwa wakiishi pale, ikashirikiana nao mashamba, masoko, shule na ibada.

Lulindi, katika eneo hilohilo, ndiko jambo hili linakoonekana kwa karibu zaidi. Daktari Leader Stirling, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania, alifika huko mwaka 1935 na kufanya kazi kwa miaka 14 katika hospitali iliyojengwa kwa vifaa vya mazingira yale. Kulikuwa pia na kambi ya wenye ukoma. Dawa ya enzi hizo, sindano za mafuta ya chalmugra, iliuma sana na kuponya kidogo. Kwa hiyo siku ya mgonjwa ilitegemea zaidi mambo mengine. Kama katika kambi nyingi za Tanganyika, wenye nguvu walilima na kujijengea nyumba, kukawa na kitu kinachofanana na kijiji. Ukoma huua hisia za ngozi. Mkono usiosikia maumivu huchubuliwa na mpini wa jembe au kuunguzwa na sufuria bila mwenyewe kujua, na kidonda kikichelewa kuonekana, kidole huharibika. Mtu kama huyo anahitaji jicho la mwenzake kila siku. Tena katika uwanda wa juu wa Makonde maji yalikuwa mbali mno. Karl Weule, mtafiti wa Kijerumani aliyefika Newala mwaka 1906, alishangazwa na vijiji vilivyokuwa juu ilhali chemchemi ziko mabondeni. Mahali ambapo ndoo moja ni safari ya kushuka na kupanda, asiyeweza kubeba maji anaishi kwa hisani ya anayeweza.

Msomaji makini atauliza: je, kambi zenyewe si ushahidi kwamba majirani waliwafukuza wagonjwa? Swali ni la haki, kwa maana unyanyapaa ulikuwepo na uliumiza. Lakini tazama kilichofuata. Vidonge vya dapsone vilienea miaka ya 1950, Tanzania ikaanzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, na tangu miaka ya 1980 dawa mseto zikaponya kabisa. Waliokuwa na mahali pa kurudi walirudi. Waliopona bila kuwa na wa kuwapokea walibaki na kuzeekea walipo, na kambi kama Nunge ya Kigamboni na Chazi ya Morogoro zikaja kuwa makazi ya wazee. Dawa iliwaondolea vijidudu lakini haikuweza kuwaondolea upweke.

Wengine husema hiyo ni kazi ya serikali, na kwamba jamii ikijitwisha, serikali itakwepa wajibu na ndugu watapata pa kutupia wazee wao. Wajibu wa serikali haukanushiki: chakula, tiba na paa imara ni haki ya mzee, wala visisubiri msimu wa wafadhili. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yenyewe iliitaja familia kama msingi wa matunzo na makazi kama hatua ya mwisho. Lakini ofisi haiwezi kumpa mzee mtu wa kumsimulia habari za jana. Na mzee anayetembelewa kila wiki hatupwi kwa siri, kwa kuwa wanaomjua wataulizia ndugu zake.

Masasi nayo imekuwa na makazi ya wazee ya serikali pale Mkaseka. Jirani asidhani msaada ni sabuni na mchele wa siku ya sikukuu tu. Wazee wa huko wamekulia katika jamii inayowategemea makungwi kuwafunda vijana wa jando na unyago, na wanaikumbuka mikorosho ilivyobadili maisha ya Kusini. Shule ziwapeleke watoto wakaandike habari hizo, kwaya na madrasa ziwe na ratiba ya kudumu huko, na vijiji viwaalike wazee hao kwenye sherehe na misiba kama wanavyoalikwa wazee wengine. Kila kijiji kilicho karibu na makazi ya wazee kianze mwezi huu: kichague watu wake, kiweke siku, na kisiivunje.