Gari na imodoka si ndugu

Lori limezima injini kwenye mpaka wa Grande Barrière, Gisenyi, likingoja kuvuka kwenda Goma. Dereva analiita gari. Muuza vocha Mnyarwanda analiita imodoka, na abiria mmoja, msemaji wa Kilingala, anasema motuka. Ukiuliza lipi kati ya hayo lina damu ya "car" ya Kiingereza, wengi watakutajia gari. Sivyo.

Kwenye asili ya "car" wanaisimu wana neno *karros. Kinyota hicho kinakuonya kwamba neno halijapata kuonekana limeandikwa. Limepatikana kwa kulinganisha carr la Kiayalandi cha kale, karr la Kibretoni, na neno la Wagaule, Wakelti wa kale, ambalo Warumi walilichukua wakaliandika carrus. Lugha iliyozaa hayo nitaiita Kikelti-mame, kama wanaisimu wetu wasemavyo mame-Bantu. Sisemi "mama", maana lugha mama tayari ni ile uliyoanza nayo utotoni. Mame hatujamwona, tunamjua kwa sura za wanawe. Hapa mpakani kazi hiyo unaweza kuifanya kwa masikio tu: umuntu wa Kinyarwanda, muntu wa Goma, mtu wa Kiswahili sanifu kilichomeza n. Mzizi unajitokeza wenyewe: *-ntu.

*Karros lilikuwa gari la kukokotwa. Mwaka 58 KK Wahelveti, kabila la Wakelti, walipopigana na jemadari wa Kirumi Julius Caesar, waliyapanga magari yao yakawa boma. (Barrière lenyewe wapo wanaolipeleka kwa Wakelti pia, lakini ushahidi wake ni mwembamba, mimi silitii kinyota.)

Kutoka carrus likazaliwa "car" kupitia Kifaransa cha kaskazini, kisha "motorcar", na Afrika Mashariki ikapata motokaa, emmotoka ya Waganda, imodoka, na motuka ng'ambo ya pili. Silabi ile ya mwisho, ka, ndiyo Mkelti aliyebaki. Gari letu limetoka kwa gāṛī ya Kihindi, kwa njia ya Bahari ya Hindi. Kufanana na "car" ni sadfa.

Warumi wa baadaye walikuwa na carricare, yaani kupakia mzigo garini. Wafaransa wakalifanya charger, Wanyarwanda wakapata gusharija; Waingereza nao wakalipokea, nasi tukapata kuchaji. Dereva amechomeka simu yake kwenye dashibodi. Chaji ni mjukuu wa *karros. Gari inamochajiwa, hapana.