Kasha la Karibu: Historia ya Kumgharimia Mwanafunzi katika Nyanda za Juu za Buha

Kila mwaka majina ya waliochaguliwa kwenda vyuoni yanapotangazwa, mchungaji wa usharika wa kijijini hupata wageni wa aina moja. Kijana huja na baba yake au mjomba wake, mkononi akiwa na barua ya kukubaliwa chuoni. Ukurasa wa kwanza ni wa pongezi. Ukurasa wa pili unaorodhesha ada, fedha za malazi, bima, vitabu, na tarehe ya mwisho ya kuripoti. Baada ya salamu na kimya kirefu huja swali: "Baba mchungaji, tufanyeje?"

Nimeulizwa swali hilo mara nyingi nikiwa mtumishi katika wilaya ya Kibondo, na baadaye nikiwa mwalimu wa chuo. Makala haya yanalitazama swali hilo kwa jicho la historia. Maana katika Kibondo na Kasulu shida ya kumgharimia mwanafunzi haikuanza na kizazi hiki, wala haitokani na uvivu wa wazazi. Ina chanzo chake, na anayekijua chanzo hicho atajua pia mahali pa kuanzia kutafuta dawa.

Nchi iliyotoa watu

Buha ni nchi ya vilima vyenye rutuba na mvua za kutosha. Hata hivyo, katika mpango wa uchumi wa kikoloni, nyanda hizi hazikupewa nafasi ya kwanza ya kuzalisha mazao ya biashara. Zilipewa kazi ya kutoa watu. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na katika utawala wa Waingereza reli hiyo ikawa njia ya kuwapeleka wanaume wa Kiha kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kwa watu wetu kwa jina la SILABU, na Kasulu na Kibondo zikawa miongoni mwa sehemu zilizotegemewa sana. Walioandikishwa waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba yake.

Manamba aliporudi nyumbani alikuja na fedha taslimu. Fedha hizo zililipa kodi, mahari na nguo, na pengine ada ya mtoto mmoja. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba mfadhili wa kwanza wa elimu katika nyumba nyingi za Kiha alikuwa ni mgongo wa baba uliokata mkonge mbali na kwao. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Katika Buha mchumaji alibaki juani, na kivuli kikaota kwenye nchi nyingine. Bei ya mkonge ilipoanguka katika miaka ya 1960, hata mkondo ule mdogo wa fedha ukakauka.

Hazina za wenyeji na umisheni

Tulinganishe na Kilimanjaro. Huko wenyeji walilima kahawa yao wenyewe, na mwaka 1933 wakaanzisha chama chao kikuu cha ushirika, KNCU. Mapato ya zao hilo yalikaa katika nchi iliyolizalisha. Kwa hiyo chama na hazina ya Wachagga viliweza kujenga shule na kuwasomesha vijana, wengine wao hata ng'ambo. Kijana wa Marangu au Machame alipofaulu, palikuwapo mahali karibu na kwao pa kupeleka ombi lake.

Katika Buha pia palikuwapo hazina za wenyeji, kwa kuwa sheria ya mwaka 1926 iliyowapa watemi mamlaka ilianzisha hazina hizo nchini kote. Lakini hazina hula kutokana na kodi, na kodi ya nchi ambayo wanaume wake wako mbali haiwezi kuwa nyingi. Baada ya kulipa mishahara ya Mwami, watwale na makarani, kilichosalia kwa ajili ya shule kilikuwa kidogo. Kahawa ya Kalinzi na Manyovu ilileta nafuu kwa sehemu zake, ila haikuenea nyanda zote.

Pengo hilo lilizibwa kwa sehemu na umisheni: mapadre wa White Fathers, Misheni ya Neukirchen ya Ujerumani, na baadaye CMS, ambayo kazi yake ilizaa Dayosisi ya Kianglikana ya Western Tanganyika yenye makao Kasulu, iliyoanzishwa mwaka 1966. Umisheni ulimsomesha kijana maskini bila kumtoza kile asichokuwa nacho. Ni haki kushukuru. Lakini ni haki pia kusema kwamba msaada huo ulikuwa na mipaka. Ulimtafuta mwalimu, mwinjilisti au mganga atakayeutumikia umisheni, na wavulana walifikiriwa kabla ya wasichana. Tena uamuzi ulikuwa mikononi mwa mmisionari. Wazazi walipokea matokeo, hawakuketi mezani. Kwa hiyo washarika walijifunza kumwona mfadhili kuwa ni mtu atokaye ng'ambo, na fikra hiyo bado iko nasi.

Mfuko wa Taifa

Uhuru ulileta badiliko kubwa. Kuanzia mwaka 1964 ada ziliondolewa katika shule za sekondari za serikali, na mwaka 1973 zikaondolewa katika shule za msingi. Mwanafunzi aliyeingia Chuo Kikuu, kilichoanza Dar es Salaam mwaka 1961, aligharimiwa na Taifa. Nafasi za kidato cha kwanza ziligawanywa ili mikoa iliyoachwa nyuma ipate fungu lake. Kwa mtoto wa Kibondo huu ulikuwa mlango ambao baba yake hakuwahi kuuona. Wengi wa viongozi, waganga na walimu waliotoka nyanda hizi ni watoto wa sera hiyo.

Mfuko huo ulidai jambo moja kwa mwanafunzi. Mwaka 1964 Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, apate nguvu za kwenda mbali na kurudi na msaada. Mwaka 1966 wanafunzi waliposhindana na serikali juu ya Jeshi la Kujenga Taifa, karibu 400 kati yao walirudishwa makwao. Adhabu hiyo ilikuwa kali, lakini ilionyesha wazi kwamba elimu ile ilihesabiwa kuwa deni kwa jamii.

Hata hivyo, katika miaka ileile kulitokea jambo jingine ambalo twalisahau upesi. Vyombo vya karibu viliondolewa kimoja baada ya kingine. Mwaka 1963 mamlaka za watemi zilifutwa. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa katika mpango wa madaraka mikoani. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa. Kila hatua ilikuwa na sababu zake. Lakini jumla yake ni kwamba Taifa lilipokuwa mzazi wa kila mwanafunzi, wajomba na mashangazi wote waliondoka nyumbani.

Kisha mzazi akaishiwa. Vita vya Kagera vya miaka ya 1978 na 1979, bei za mafuta na madeni viliidhoofisha hazina. Katikati ya miaka ya 1980 ada zilirudi katika shule za sekondari, na kuanzia mwaka 1992 sera ya kuchangia gharama iliingia rasmi katika elimu ya juu. Halmashauri na vyama vya ushirika vilikuwa vimerudishwa kwa sheria za mwaka 1982, lakini vilirudi vikiwa dhaifu. Mikoa yenye akiba ya zamani ilianzisha mifuko yake ya elimu na shule za wazazi. Kasulu na Kibondo zilikuwa na cha kuanzia kidogo mno.

Miaka ya kambi

Mwezi Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na watu wakamiminika kuvuka mpaka. Mwaka 1996 wakaja na ndugu zetu kutoka mashariki ya Kongo. Majina ya Mtabila, Muyovosi, Nyarugusu, Nduta, Kanembwa na Mtendeli yakajulikana ulimwenguni. Kanisa letu lilishiriki katika kazi hiyo kwa njia ya TCRS, shirika lililoanzishwa mwaka 1964 na Fungamano la Kilutheri Ulimwenguni.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wasema Waswahili. Kwa upande mmoja ndivyo ilivyokuwa. Vijana wa Kibondo na Kasulu walipata kazi za ukarani, udereva, ulinzi na uuguzi, na mishahara hiyo iliwasomesha wadogo zao. Kwa upande mwingine palikuwapo manung'uniko. Tangu mwaka 1992 UNHCR na serikali ya Ujerumani walikuwa na mpango wa kuwagharimia wakimbizi katika elimu ya juu, ujulikanao kwa kifupi kama DAFI. Mwenyeji aliyesikia habari za mpango huo alijiuliza kwa nini umaskini wake hauna jina katika fomu yoyote. Swali hilo halikuwa la chuki. Mkimbizi hakumnyang'anya mwenyeji kitu. Alifikiriwa kwa sababu alikuwa na chombo kilichoandika jina lake. Mwenyeji hakuwa nacho. Kambi ya Mtabila ilipofungwa mwaka 2012, mishahara iliyoitegemea nayo iliisha, kama ule wa mkonge ulivyokwisha.

Mwaka 2005 Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kazi, kwa sheria ya mwaka 2004. Kuanzia mwaka 2016 ada ziliondolewa hadi kidato cha nne, na baadaye, mwaka 2022, katika kidato cha tano na sita. Mwaka huohuo ulianzishwa ufadhili wa Rais Samia kwa waliofaulu sana masomo ya sayansi. Mambo haya ni ya kushukuriwa. Lakini mkopo ni deni, na ufadhili wa juu ni wa wachache. Katikati yake amebaki yule kijana wa barua: amepata sehemu ya ada na kukosa chakula, au amepata nafasi katika chuo cha ngazi ya cheti ambako mkopo haumfikii. Mara nyingi kinachomrudisha nyumbani ni upungufu mdogo, wa nauli na malazi ya miezi michache. Mfuko wa mbali hauuoni upungufu huo. Wa karibu unauona.

Kasha lenye kufuli nne

Hapo sisi Walutheri tuna urithi wetu. Mwaka 1523 usharika wa Leisnig, mji mdogo wa Saxony, uliweka kasha la pamoja kwa ajili ya mchungaji, mwalimu wa shule, maskini na wahitaji. Martin Luther aliandika dibaji ya utaratibu huo. Kasha lilikuwa na kufuli nne, na funguo zilishikwa na makundi manne: wenye vyeo, baraza la mji, watu wa mjini na wakulima wa vijijini. Hakuna kundi lililoweza kulifungua peke yake. Mwaka 1524 Luther aliwaandikia madiwani wa miji juu ya wajibu wa kuanzisha shule, na mwaka 1530, akihimiza wazazi wawaache watoto shuleni, aliwakumbusha kwamba yeye mwenyewe alipokuwa mwanafunzi aliomba mkate milangoni. Historia yatulazimisha kuongeza kwamba Leisnig ilipata taabu, maana baraza la mji lilisita kukabidhi mali. Hata kasha jema huhitaji watu waaminifu.

Nalikiri jambo hili kwa uchungu. Katika usharika mmoja niliotumika tulianzisha mfuko wa masomo kutokana na mnada wa mazao baada ya ibada: mikungu ya ndizi, maharage, kuku. Watu walitoa kwa furaha. Lakini daftari lilikuwa moja, na ufunguo mmoja, na mimi mchungaji sikuuliza hesabu kwa kuogopa kumvunjia heshima mzee wangu. Mwaka wa tatu fedha hazikuonekana, na wanafunzi wawili tuliowaahidi walirudi nyumbani katikati ya muhula. Mmoja wao hakurudi tena chuoni. Kosa la kutouliza lilikuwa langu. Mfuko ulipoanzishwa upya, akina mama wa usharika walidai washike ufunguo wa pili, na hesabu isomwe kanisani kila robo mwaka. Tangu hapo mnada haukukosa wanunuzi.

Historia ya Buha yatufundisha basi jambo hili: mkonge, umisheni, Taifa na kambi vyote vilimsaidia mwanafunzi, na vyote vilitoka nje na kupungua bila kumwuliza. Mwanafunzi na aombe kote: Bodi ya Mikopo, halmashauri, chama cha ushirika, dayosisi, na wana wa Kasulu na Kibondo waliotangulia, ambao wanalo deni la chakula cha kijiji. Lakini usharika usimpeleke kwa wengine kabla haujafungua kasha lake. Mtume Paulo, katika sura ya nane na ya tisa za Waraka wa Pili kwa Wakorintho, hakuona aibu kupanga changizo kwa hesabu na mashahidi.

Ninyi mnaojiandaa kwa uchungaji mtaulizwa swali lile lile: "Baba mchungaji, tufanyeje?" Siku hiyo iwakute na daftari lililo wazi na kasha lenye funguo zaidi ya moja, hata kama ndani yake mna nauli tu.