Historia ya Utumwa na Swali la Toba: Mjadala wa Gates na Mazrui

Mwaka 1999 televisheni ya umma ya Marekani ilionyesha mfululizo wa filamu sita uitwao Wonders of the African World. Mtungaji na msimulizi wake alikuwa Profesa Henry Louis Gates, Mmarekani mweusi wa Chuo Kikuu cha Harvard. Filamu mojawapo ilihusu pwani ya Waswahili. Nyingine ilihusu falme za Afrika Magharibi zilizotajirika kwa kuuza watumwa. Makala hii yakusudia kueleza mjadala uliozuka, na kuuliza una maana gani kwa mhubiri wa Injili katika Afrika Mashariki.

Gates alizaliwa mwaka 1950 katika jimbo la West Virginia, zama za ubaguzi wa rangi. Tanzania haikuwa ngeni kwake, maana akiwa kijana mwanafunzi, mnamo 1970 na 1971, alifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Kianglikana huko Kilimatinde. Aliporudi na kamera aliuliza maswali mawili mazito. Kwa nini watu wengi wa pwani hujihesabu kuwa Waarabu au Washirazi kabla ya kujiita Waafrika? Tena, Waafrika walishiriki kiasi gani katika kuwauza Waafrika wenzao? Kwa mjukuu wa watumwa, swali hili la pili si la darasani tu.

Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa (1933–2014), ambaye mwaka 1986 alikuwa ametoa filamu zake ziitwazo The Africans, alimjibu kwa ukali. Alidai kwamba Gates amewatwika Waafrika lawama ya biashara ya Atlantiki na kuwapunguzia mzigo wazungu walionunua, na kwamba amewatazama Waarabu na Uislamu kwa macho ya Magharibi. Mwandishi Wole Soyinka wa Nigeria alisimama upande wa Gates.

Tukitazama historia yetu, twaona kwamba kila upande ulishika sehemu ya kweli. Katika karne ya 19 wapo watemi wa bara waliouza mateka wa vita. Tippu Tip na wenzake waliongoza misafara. Wafanyabiashara wa Kihindi waliikopesha fedha. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalihitaji watumwa, na Wafaransa waliwanunua kwa ajili ya visiwa vyao vya miwa. Pembe za ndovu zilizobebwa katika misafara hiyo zilipelekwa Ulaya na Marekani kutengenezea vinanda.

Sultani Barghash alifunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873, kwa kushurutishwa na Waingereza, na mahali pale pakajengwa kanisa kuu la Kianglikana la Mkunazini. Lakini tusisahau kwamba utumwa wenyewe haukufutwa Unguja hadi mwaka 1897. Huku bara, serikali ya Wajerumani, ambayo chini yake wamisionari wa Kilutheri walifanya kazi, haikuufuta kamwe. Amri ya mwaka 1904 iliwapa uhuru watoto waliozaliwa baada ya mwaka 1905 tu; wazazi wao walibaki watumwa. Katika Tanganyika utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922.

Basi, mhubiri asemaye kwamba utumwa ulikuwa dhambi ya Waarabu peke yao anapotosha historia, na tena anawatia uchungu jirani zetu Waislamu. Vivyo hivyo, asemaye kwamba ulikuwa dhambi ya wazungu peke yao anawafunika watemi wetu. Je, kukiri sehemu yetu kunamwondolea mnunuzi hatia yake? La hasha. Hofu ya Mazrui ilikuwa ya haki, kwa kuwa mwenye nguvu hupenda kutumia ungamo la mnyonge kama hati ya kujitetea. Lakini mbele za Mungu dhambi haigawanywi kama deni, hata mmoja akilipa zaidi mwenzake apate nafuu. Nehemia na Danieli waliungama makosa ya baba zao, ingawa Babeli nayo ilikuwa na damu mikononi.

Hatuna budi, sisi wachungaji, kuifundisha historia hii nzima katika madarasa ya kipaimara na katika vyuo vyetu, tukianza na sehemu iliyo yetu.