Mkunga, Mzalishaji na Mzazi: Historia Fupi ya Istilahi za Uzazi

Mwezi wa Julai mwaka 1844, miezi michache tu tangu kufika Mombasa, mmisionari J. L. Krapf alifiwa na mkewe, Rosine, aliyeshikwa na homa akafariki siku chache baada ya kujifungua. Mtoto, msichana, alimfuata mamaye. Krapf alibaki pwani, akaendelea kukusanya maneno ya Kiswahili, na kamusi iliyotokana na kazi hiyo ilipigwa chapa London mwaka 1882, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufariki. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba mojawapo ya kamusi kubwa za kwanza za lugha yetu ilianzwa katika nyumba iliyofiwa na mzazi.

Tumelitumia neno "mzazi" kwa maana yake ya zamani, na huenda msomaji wa leo amesita kidogo alipolifikia. Kusita huko ndiko kulikotusukuma kuandika makala haya. Maneno ya uzazi ni katika maneno makongwe kabisa tuliyo nayo, lakini katika muda wa miaka mia moja hivi yamehamishwa, yamegawanywa na kuazimwa na fani nyingine, mara nyingi bila ya mtu yeyote kuamua kwamba iwe hivyo. Mfasiri anayeletewa leo kijitabu cha kliniki, au mtumishi wa serikali anayetunga fomu ya hospitali, anayakuta yakiwa na historia ambayo hakuambiwa.

Tuanze na huyo mzazi. Shuleni mwalimu akiita mkutano wa wazazi, hufika baba, mama, hata mjomba. Lakini mtu akiambiwa kwamba jirani yake amelazwa katika wodi ya wazazi, hadhani hata kidogo kwamba humo kuna akina baba. Katika wodi hiyo neno limehifadhi maana yake ya asili, yaani mwanamke anayezaa au aliyezaa karibuni, na methali isemayo kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi ilikuwa na maana hiyo kabla haijapanuliwa kuwahusu walezi wote. Maana zote mbili ni halali. Ila tumepata kusoma maelekezo ya afya yaliyosema "mzazi apumzike vya kutosha na asibebe mizigo mizito", na katika aya iliyofuata "mzazi ahakikishe kwamba fedha za usafiri zimewekwa tayari", bila ya kueleza kwamba katika sentensi ya kwanza anatajwa mama peke yake na katika ya pili baba pia. Uzembe wa namna hii hauwezi kusamehewa kwa kisingizio cha utajiri wa lugha.

Sasa tumtazame anayemsaidia mzazi. Kamusi za zamani zina maneno mawili: mkunga, na mzalisha ambaye baadaye aliitwa pia mzalishi au mzalishaji. La kwanza ndilo lililopendwa na watu. Masikio ya Waswahili hulisikia karibu na "kunga", yaani mambo ya siri na ujuzi wa ndani wa kazi, na karibu na "kungwi", mwanamke anayemfunda mwari. Hatutaki kudai zaidi ya hapo kuhusu asili yake, maana mkunga ni samaki pia, yule mrefu kama nyoka akaaye mapangoni mwa miamba, na hakuna aliyejaribu kumhusisha huyo na uzazi. La muhimu ni kwamba neno lilibeba heshima iliyochanganyika na hofu. Methali yaonya: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Haisemi kwamba wakunga ni wema wala kwamba hawakosei. Yasema tu kwamba utawahitaji.

Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye kitabu chake cha desturi za Waswahili kilitolewa Ujerumani na Carl Velten mwaka 1903, aliipa mimba na kuzaa nafasi yake miongoni mwa mambo ya kwanza ya kuelezwa mgeni anayetaka kuujua mji. Twamtaja kwa sababu aliandika Kiswahili cha watu wa mjini, si cha zahanati. Ni vyema mfasiri akisome kitabu hicho kabla hajakimbilia kubuni istilahi.

Ama neno "mzalishaji", hilo lina kisa kirefu zaidi. Kitenzi "kuzalisha" ni "kuzaa" kilichopewa mnyambuliko wa kusababisha, lakini katika Kiswahili mnyambuliko huo hueleza pia kusaidia: anayemlisha mgonjwa hamfanyi ale kwa nguvu, humsaidia kula. Hivyo mkunga kumzalisha mwanamke ni kumsaidia azae. Basi wachumi walipohitaji neno la kutoa mazao na bidhaa, walilichukua hilohilo, na katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la mwaka 1967 "uzalishaji mali" likawa neno la kila mkutano na kila gazeti. Mzalishaji akawa mkulima, kiwanda, hata nchi. Huku mitaani nako kitenzi kilipata maana ya tatu isiyo na adabu: husemwa kwamba kijana fulani amemzalisha binti wa watu kisha akamwacha. Kati ya kiwanda na kijana huyo, mkunga amenyang'anywa kitenzi chake. Ndiyo sababu hatushauri "mzalishaji" litumike tena kwa maana ya mtaalamu wa uzazi, ijapokuwa kihistoria lina haki zote.

Lakini kitenzi hicho hakikufa hospitalini. Kimesalia katika hali ya kutendwa, na hapo ndipo penye tatizo letu kubwa. Lugha ya nyumbani ina njia mbili za kusema: mwanamke amezaa, au kwa adabu zaidi, amejifungua. Katika zote mbili mwanamke ndiye mtenda. Neno "kujifungua" linastahili kuangaliwa vizuri, kwa kuwa ni yeye aliyefungwa na ni yeye anayefungua, wala hakuna mtu wa pili katika kitenzi hicho. Daftari la wodi, kinyume chake, hupenda kuandika kwamba mama amezalishwa saa fulani na fulani. Kisarufi ni sahihi, na kwa mwandishi wa daftari ni rahisi, maana lazima ajulikane mtumishi aliyehusika. Lakini sentensi ile ikirudiwa mara elfu kumi humfundisha kila anayeiandika kwamba kuzaa ni kazi ya mtumishi, na mwanamke ni mahali kazi hiyo inapofanyikia.

Mgawanyiko huu uliletwa pamoja na vyeti. Uingereza na Wales zilipata Sheria ya Wakunga mwaka 1902, na kuanzia mwaka 1905 mwanamke asiye na cheti alizuiwa kujiita mkunga. Yafaa ikumbukwe kwamba neno la Kiingereza lenyewe, kwa asili yake ya kale, maana yake ni aliye pamoja na mwanamke. Sheria ililigeuza kuwa cheo. Fikra hiyo ilisafiri na tawala za kikoloni na misheni hadi huku: Mengo, Uganda, Albert na Katharine Cook walianzisha shule ya wakunga baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na Pumwani, Nairobi, palifunguliwa nyumba ya wazazi katika miaka ya 1920. Msichana aliyehitimu alivaa sare, na watu wakamwita nesi au sista. Neno "mkunga" likaachiwa bibi wa kijijini. Hivyo kwa muda mrefu wenye cheti cha ukunga hawakuitwa wakunga midomoni mwa watu, na walioitwa wakunga hawakuwa na cheti.

Baadaye serikali na mashirika walipotaka kulirudisha neno kwa wenye cheti, ilibidi yule bibi atafutiwe kivumishi. Akawa "mkunga wa jadi". Twaliona neno hili kuwa fasiri nzuri na pia dhuluma ndogo: nzuri kwa sababu inaeleweka mara moja, dhuluma kwa sababu mwenye nyumba ndiye aliyewekewa alama ili mgeni apate kuingia bila alama. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 lilikubali kwamba waganga na wakunga wa namna hiyo waweza kuwa sehemu ya huduma ya msingi ya afya mahali wanapohitajika, wakipewa mafunzo yanayofaa, na kwa miaka kadhaa mafunzo hayo yakatolewa katika nchi nyingi. Mwaka 1987 ulifanyika Nairobi mkutano uliozindua jitihada za kimataifa za uzazi salama, nalo neno "uzazi salama" likapata makao. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirikisho ya wakunga na ya madaktari wa wanawake, lilitoa tamko lililoeleza nani ni mhudumu mwenye ujuzi wa kuhudumia uzazi, na mkunga wa jadi, awe amepewa mafunzo au la, hakuwemo.

Hatuandiki haya ili kuilaumu hatua ile. Kutokwa na damu nyingi baada ya kuzaa, au kifafa cha mimba, havitibiki kwa busara ya bibi peke yake. Nchini Tanzania vifo vitokanavyo na uzazi vilikadiriwa na uchunguzi wa kitaifa wa 2015/16 kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa mwaka 2022 ukakadiria 104. Hakuna mpenzi wa jadi awezaye kuzibeza tarakimu hizi. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya Tanzania ya mwaka 2010 imeliweka neno "ukunga" katika jina lake, na kwa upande wa lugha jambo hilo latufurahisha: hatimaye mwenye cheti amepewa neno la nyumbani.

Swali lililobaki ni kama amepewa pia kilichokuwamo ndani ya neno. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018, ambayo ni 56, yamewatia wafasiri jasho kwa sababu sehemu yake kubwa inahusu hiari ya mwanamke: kuwa na mtu amtakaye karibu naye, kuchagua mkao wa kuzalia badala ya kulazimishwa kulala chali, kutokatwa ovyo pale ambapo watu wetu husema kwa upole "kuongezewa njia". Mengi katika hayo bibi wa kijijini asingeyaona kuwa mapya. Mapya ni maandishi.

Chukua huyo mtu wa karibu. Baadhi ya wafasiri wameandika "mwenza", lakini mwenza siku hizi ni mume au mke, na mwanamke anayemtaka dada yake, shangazi au mama mkwe atasoma karatasi akidhani haimhusu. "Msaidizi" hufanya ndugu huyo adhaniwe kuwa mtumishi, apewe ndoo. Kuna aliyependekeza "mwandani", neno zuri la ushairi, lakini liko karibu mno na "mwanandani", ambayo ni sehemu ya kaburi anamolazwa maiti, na hatungependa kosa la mpiga chapa liingie katika wodi ya wazazi. Sisi twaelekea "msindikizaji". Najua kwamba... hapana, twajua kwamba husindikizwa pia mgeni aondokaye, lakini kusindikiza ni kwenda na mtu sehemu ya njia iliyo yake, na maana hiyo yatosha.

Neno la pili ni "ridhaa". Fomu nyingi zinaandika "nimekubali kufanyiwa upasuaji", na mama aliye katika uchungu hutia dole gumba. Kukubali si kuridhia. Mtu hukubali hata amri. Ridhaa hudai kwamba jambo limeelezwa, limefahamika, na mlango wa kukataa uko wazi. Tunapendekeza fomu iseme "nimeelezwa na nimeridhia", vitenzi viwili, cha kwanza kikimdai mtumishi na cha pili kikimwachia mama. Tulipata kuiona rasimu ya fomu moja ambamo neno la Kiingereza litumikalo kwa mzigo na kwa mtoto pia lilifasiriwa "uwasilishaji", hata mama akaulizwa tarehe ya uwasilishaji wake wa mwisho. Ofisi iliyoitoa hatutaitaja. Kosa lile lilichekesha na likasahihishwa siku ileile. "Nimekubali" halichekeshi mtu, na kwa hiyo limedumu.

Yako mengine ya kupitia haraka. "Mimba" limeanza kuonekana zito, limeachiwa mimba za utotoni na kutoa mimba, na kliniki yasema "ujauzito". Tungependa yote mawili yabaki, maana "kifafa cha mimba" kimekwisha kueleweka na hakihitaji kubadilishwa. "Arobaini" ni istilahi iliyo tayari kwa kipindi baada ya kuzaa: wataalamu huhesabu wiki sita, yaani siku 42, na tofauti ya siku mbili haituamrishi kuazima neno la Kilatini. "Leba" limeingia na halitoki, ingawa "uchungu", au "utungu" kama wasemavyo ndugu zetu wa kaskazini ya pwani, halijachoka.

Linalotutatiza kweli ni "kizazi". Ni kiungo cha mwanamke, ni rika la watu, na katika takwimu ni tukio la kuzaliwa. Katika ripoti moja mtu aweza kusoma juu ya saratani ya shingo ya kizazi, afya ya kizazi kijacho na idadi ya vizazi hai, na muktadha ukamwokoa mara mbili kati ya tatu. Kwa kiungo twashauri "mji wa mimba" liendelee kufundishwa, na "shingo ya kizazi" liachwe kwa kuwa limekwisha kuota mizizi. Kwa takwimu, "waliozaliwa hai" ni refu kuliko "vizazi hai" kwa herufi chache tu, na safu ya daftari ina nafasi ya kulibeba.