Wahandisi na Majengo ya Kale: Mwendo wa Taalimu Kutoka Roma Hadi Pwani Yetu

Mhandisi wa zama zetu hufunzwa tangu siku zake za kwanza chuoni kukadiria uzito, kupima nguvu za chuma na zege, na kuchora jengo ambalo bado halijasimama. Walakini ni nadra afunzwe namna ya kulikabili jengo lililokwisha kusimama miaka mia nne, lililojengwa na watu wasioacha michoro wala hesabu, kwa mawe na chokaa ambavyo vitabu vyake havikuvitaja. Upungufu huo ndio uliozaa, katika karne ya ishirini, taalimu ya namna ya peke yake, inayowatoa wanafunzi wa uhandisi makwao na kuwapeleka ugenini wakasome mbele ya majengo ya kale yenyewe. Makala haya yanakusudia kueleza mwendo wa taalimu hiyo, na haki ambayo pwani ya Afrika Mashariki ingali ikiidai kwayo.

Asili ya ilimu hii ni kongwe kuliko vyuo vyake. Katika miaka ya 1740, nyufa zilipozidi kuonekana katika kuba la Kanisa la Mtakatifu Petro mjini Roma, Papa Benedikto wa 14 aliwataka shauri wanahisabati watatu, Boscovich, Le Seur na Jacquier, kisha akamwita Giovanni Poleni, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Padova. Poleni aliutwaa msingi uliokwisha kutajwa na Robert Hooke wa Uingereza mwaka 1675, ya kwamba umbo la mnyororo unaoning'inia, likipinduliwa juu chini, ndilo umbo la tao lisimamalo. Akatundika mnyororo, akaufunga vizito vilivyolingana na uzito wa kila sehemu ya kuba, akaona ya kuwa mstari wake, ulipogeuzwa, ulipita ndani ya unene wa kuba bila ya kutoka nje. Hukumu yake ikawa kwamba kuba halikukaribia kuanguka, ingawa lilifaa kuongezewa pete za chuma zilizuie lisitanuke, na kazi hiyo ikafanywa na msanifu Luigi Vanvitelli. Kitabu alichokitoa Poleni mwaka 1748 kiliwaachia wahandisi wasia ulio wazi, kwamba kulijua jengo kwahitaji jicho la kuzikagua nyufa moja moja pamoja na akili ya kuhesabu, wala kimojawapo hakitoshi pasipo mwenziwe.

Hata hivyo ulipita muda mrefu kabla ya hikima hiyo kugeuzwa somo la watu wa mataifa mengi. Wataalamu waliokutana Athens mwaka 1931 waliridhia kwamba njia za kisasa, na khasa zege ya nondo, zitumike kwa hadhari katika kuimarisha majengo ya kale. Lakini ni nani atakayeijua hadhari hiyo asipofundishwa? Baada ya Vita Kuu ya Pili, Mkutano Mkuu wa UNESCO uliokaa New Delhi mwaka 1956 uliazimia kuundwa kituo cha kimataifa cha uhifadhi, nacho kikaanza kazi Roma mwaka 1959 chini ya Harold Plenderleith. Ndicho kijulikanacho leo kwa jina la ICCROM. Mwaka 1964 Mkataba wa Venice uliweka sharti kwamba uhifadhi uziendee ilimu zote ziwezazo kuufaa, na katika miaka iyo hiyo Roma ikafungua kozi ya uhifadhi wa majengo kwa wanafunzi kutoka pande nyingi za dunia. Raymond Lemaire wa Ubelgiji, mmoja wa walioshiriki kuuandika mkataba huo, alianzisha kituo cha mafunzo mjini Bruges mwaka 1976, kikahamia Leuven mwaka 1981. Na huko Grenoble, Ufaransa, kundi la CRAterre, lililoundwa mwaka 1979, likajitolea kuifundisha fanni ya kujenga kwa udongo, ambayo Afrika inaijua tangu kale.

Haja ya mafunzo hayo yadhihirika kwa visa viwili. Mwaka 1967, ilipobainika kwamba misingi ya mnara wa kati wa kanisa kuu la York, Uingereza, ilikuwa inaelemewa, Bernard Feilden na wahandisi aliofanya nao kazi walichimba chini ya nguzo, wakaizungushia misingi ya kale mikanda ya zege iliyokazwa kwa vyuma visivyoshika kutu, kazi iliyokwisha mwaka 1972, na mnara ungali wima. Kinyume chake, tetemeko la ardhi lilipoipiga Umbria, Italia, tarehe 26 Septemba 1997, ziko nyumba za mawe zilizobomoka hali zimekwisha kuondolewa mapaa ya mbao na kuvikwa ya zege kwa nia njema ya kuziimarisha, maana paa zito lilizishinda kuta zilizokuwa chini yake. Na mjini Assisi dari ya Kanisa la Mtakatifu Francis, ambayo mgongoni mwake kifusi kilikuwa kimerundikana, ilianguka ikawaua watu wanne waliokuwa wameingia kukagua madhara ya mtikiso wa kwanza. Zege ya York na ya nyumba za Umbria ni ile ile. Tafauti ni kwamba York jengo lilichunguzwa kwanza likaeleweka ndipo likaguswa.

Hadhari hiyo ndiyo iliyoandikwa kuwa kanuni kwenye ardhi ya Afrika, pale ICOMOS, baraza la kimataifa la majengo na maeneo ya kale, lilipokutana Victoria Falls, Zimbabwe, mwaka 2003, na kupitisha misingi ya uchunguzi na uimarishaji wa majengo ya kale, iliyotayarishwa na kamati ya wahandisi ambayo Giorgio Croci wa Roma alikuwa rais wake wa kwanza. Misingi hiyo yamtaka mhandisi afuate mwendo wa tabibu: aulize kwanza historia ya maradhi, apime, ndipo atibu, kisha aangalie kama dawa imefaa. Miaka minne baadaye, mwaka 2007, vyuo vikuu vinne, vya Minho kilichoko Ureno, Padova, Barcelona na Praha, viliungana kufungua shahada ya uzamili ya uchambuzi wa majengo ya kale, ambayo mwanafunzi husoma masomo yake katika nchi moja na kuiandika tasnifu yake katika nchi nyingine. Mwaka 2017 mafunzo hayo yalipata tuzo ya urithi ya Umoja wa Ulaya na Europa Nostra.

Yafaa msomaji aone moja ya kazi wanazofunzwa. Mwanafunzi akitaka kujua ukuta umebeba mzigo wa kiasi gani, hubandika alama juu na chini ya kiungo kimoja cha chokaa, hupima umbali baina yao, kisha hukata mwanya mwembamba katika kiungo hicho. Kingo za mwanya, kwa kuwa ukuta umebanwa, hukaribiana kidogo mno. Ndipo hutia katika mwanya mfuko bapa wa chuma uliojazwa mafuta, akaupandisha shinikizo polepole mpaka alama zirudi pale pale zilipokuwa. Na shinikizo lisomwalo wakati huo ndilo lionyeshalo mzigo ambao ukuta ulikuwa umeuchukua miaka yote. Jengo limejibu lenyewe, na mwanya hujazwa tena chokaa.

Pwani yetu haikuachwa nje kabisa. Kuanzia mwaka 1998 hadi 2009, ICCROM, UNESCO na CRAterre, wakishirikiana na mashirika ya urithi ya Kiafrika, waliendesha mradi wa Africa 2009, na kozi zake za kikanda zikawa zikifanyika Mombasa kwa Kiingereza na Porto-Novo, Benin, kwa Kifaransa. Hapo ugeni wenyewe ulipunguzwa, maana Mwafrika alisafiri kujifunza kwa Mwafrika mwenziwe, mbele ya majengo yanayofanana na ya kwao.

Jambo hilo lina uzito, kwa sababu taalimu ya ugenini humpa mwanafunzi njia ya kuuliza, wala haimpi jawabu. Aliyefunzwa kwa mawe magumu ya Ureno au matofali ya Padova akirudi Lamu au Unguja atakuta ukuta mnene wa mawe ya matumbawe, uliofungwa kwa chokaa na udongo mwekundu, na vyumba vyembamba kwa kuwa boriti ya mkoko haivuki mbali. Ukuta huo hunywa maji na kuyatoa; ukipigwa lipu ya saruji, unyevu na chumvi hufungiwa ndani, chokaa ikalegea na vichwa vya boriti vikaoza mahali pasipoonekana. Elimu ya chokaa hiyo, ya kuichoma katika tanuu, kuizima na kuiweka mpaka iwive, iko kwa mafundi waashi, na wengi wao ni wazee.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Unguja lililojengwa na Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka hali kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakafariki. Msiba huo watosha kuwa hoja. Vyuo vyetu vya uhandisi na vilifanye somo la chokaa, matumbawe na boriti kuwa la lazima. Serikali na wafadhili waendelee kuwapeleka vijana Roma, Leuven, Minho na Padova. Na kila arudiye awekwe kwanza chini ya fundi mwashi wa kwao, kabla ya kukabidhiwa jengo lolote la kale.