Ilungu la Ufipa na Istilahi ya Kuunda Programu

Miongoni mwa maneno yanayowasumbua wafasiri wa taaluma ya kompyuta ni lile linalotaja kazi ya kugeuza msimbo, yaani maandishi ya mtunzi wa programu, kuwa programu iliyo tayari kutumika. Wengine huandika "kujenga", wengine "kuunda". Kabla ya kuamua, yafaa tutazame historia ya wafua chuma wa Ufipa, kwani wao waliielewa vema tofauti baina ya kitu kinachotengenezwa na mtambo wa kukitengenezea.

Katika uwanda wa juu wa Ufipa, baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, yangali yanaonekana mabaki ya matanuri marefu ya udongo. Kwa Kifipa tanuri hilo huitwa ilungu, na wingi wake ni malungu. Kimo chake kilikaribia mita 3, na chini yake paliachwa matundu ya kupitishia hewa, hata moto ukawaka siku kadhaa pasipo mivukuto. Chuma kilichopatikana kilikuwa bado kimechanganyika na mavi ya chuma. Hivyo kilisafishwa mara ya pili katika tanuri dogo liitwalo kintengwe, ambalo lilitumia mivukuto. Ndipo mhunzi alipofua majembe.

Jembe lilikwenda shambani, bali ilungu lilibaki pale pale likingoja msimu mwingine. Lilitaka udongo wa kuzibia nyufa, mirija mipya ya hewa, makaa, na watu wengi wa kuifanya kazi hiyo. Majembe ya kigeni yalipoenea wakati wa ukoloni, uyeyushaji ulikoma, na malungu yakakosa watunzaji. Leo tunayajua zaidi kwa juhudi za wataalamu wa mambo ya kale, mathalani Bertram Mapunda, aliyeandika tasnifu yake mwaka 1995 kuhusu ufuaji chuma wa kusini-magharibi mwa Tanzania.

Sasa tuangalie programu huria, yaani ile ambayo msimbo wake u wazi kwa kila mtu kuusoma na kuurekebisha. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Hiyo ilikuwa hatua kubwa kwa lugha yetu. Lakini mwaka 2005 OpenOffice ilitoa toleo la 2.0, na kila toleo jipya huja na maneno mapya ya kufasiriwa, kisha programu nzima huundwa upya katika kompyuta zilizowekwa kwa kazi hiyo. Kompyuta hizo hula umeme, huchakaa, na huhitaji fundi. Hata katika mataifa tajiri mzigo huu ni mzito: mwezi Aprili 2025 maabara ya programu huria ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani, ambayo huhifadhi mitambo ya miradi mingi, ilitangaza kuwa imepungukiwa dola 250,000, ikalazimika kuomba wafadhili.

Watumishi wa serikali wanaijua tofauti baina ya matumizi ya maendeleo na matumizi ya kawaida. Aghalabu mfadhili hutoa fedha za kusimika mtambo; fedha za kuutunza hazina mwenyewe. Kazi ya mfasiri ikihesabiwa kuwa mradi wa maendeleo tu, istilahi zake zitabaki katika toleo la zamani, na mwalimu wa Sumbawanga atakayefungua toleo jipya atakuta Kiswahili kimechanganyika na Kiingereza.

Kwa hiyo twapendekeza "kuunda" litumike kwa kazi yenyewe, maana nyumba ikishajengwa hukaliwa miaka, ilhali programu huundwa tena na tena. Mitambo yake na iitwe "karakana ya kuundia". Na palipo na karakana, bajeti iwe na neno "matunzo" pembeni yake, katika fungu la matumizi ya kawaida. Wafipa hawakulihesabu ilungu kuwa jembe. Nasi tusiihesabu karakana kuwa programu.