Bastola iliyompeleka Kimathi kitanzini

Kila inapofika Februari 18, jina la Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, hurudi redioni, magazetini na kwenye majukwaa ya wanasiasa. Husemwa kwamba alinyongwa kwa kupigania ardhi na uhuru, na hakuna atakayelipinga hilo. Lakini katika mashtaka aliyosomewa mjini Nyeri mnamo Novemba 1956, hamna ardhi wala uhuru. Hata mauaji hayamo. Alishtakiwa kwa kupatikana na bastola ya .38 aina ya Webley Scott, pamoja na risasi, bila idhini ya serikali. Kwa lugha ya leo, hakuwa na leseni.

Wakenya wanaotaka kumiliki bastola wanafaa kulikumbuka hilo. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ndiyo inayosema nani apewe kibali na nani anyimwe, nayo ilitungwa mwaka 1953, Kimathi akiwa bado msituni Nyandarua. Imetiwa viraka mara nyingi tangu wakati huo, lakini kitambaa ni kile kile. Mwombaji wa leo bado anapimwa kwa vigezo vilivyoandikwa na serikali iliyokuwa ikipigana na raia wake.

Hofu ya bunduki mikononi mwa Mwafrika ni ya zamani kuliko Kenya yenyewe. Mwaka 1888, mwakilishi wa Uingereza mjini Zanzibar, Charles Euan-Smith, aliwaarifu wakubwa wake London kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia pwani ya Afrika Mashariki kila mwaka. Miaka miwili baadaye, Julai 2, 1890, ukatiwa saini Mkataba wa Brussels, Zanzibar ikiwa miongoni mwa waliosaini. Mkataba ulijinadi kuwa wa kukomesha biashara ya watumwa, lakini pia ulipiga marufuku uingizaji wa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya bara hili. Magobori yaliachiwa mlango mwembamba. Mlango mwingine waliachiwa wasafiri waliobeba barua ya serikali yao ikithibitisha kwamba silaha ni ya kujilinda wenyewe tu. Barua hiyo inafanana sana na leseni ya bastola ya siku hizi, na ni wazi ni serikali za akina nani zilizokuwa na uwezo wa kuiandika.

Vigezo vyenyewe vilitoka Uingereza. Huko, kwa miaka mingi mtu aliweza kulipia leseni ya bunduki posta kwa shilingi 10 na kwenda zake. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya London ilishikwa na wasiwasi juu ya wanajeshi waliorudi nyumbani, mapinduzi ya Urusi na vurugu za Ireland, na mwaka 1920 Bunge likapitisha sheria iliyompa polisi mamlaka ya kuamua. Mwombaji alitakiwa kuwa na sababu ya maana, asiwe mlevi wala mwenye akili pungufu, na asiwe mtu ambaye kwa sababu yoyote ile hafai kuaminiwa na silaha. Maneno hayo yalivuka bahari hadi katika sheria ya Kenya karibu kama yalivyo. “Kwa sababu yoyote ile” ni kipimo kipana, na katika koloni kilikuwa kipana zaidi.

Tena usisahau kwamba Mwafrika wa Kenya alikuwa ameshachunguzwa kabla hata hajawaza kuomba chochote. Sheria ya kipande ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya vita, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa kazi kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri, mshahara, siku aliyoajiriwa na siku aliyoachishwa. Karatasi ilikaa ndani ya mkebe wa chuma uliovaliwa shingoni. Aliyeacha kazi kabla mwajiri hajaijaza alikuwa mhalifu. Mwaka 1947 serikali ilipotunga sheria ya kuwaandikisha watu wa rangi zote kwa alama za vidole, walowezi walikuja juu wakidai kwamba hiyo ni aibu ya kuwatendea wahalifu. Ugomvi ulichacha hadi ikaundwa tume, na suluhu iliyotolewa ni kwamba anayejua kusoma na kuandika Kiingereza aruhusiwe kutoa sahihi na picha mbili badala ya vidole. Leo hakuna anayeulizwa kama anajua Kiingereza. Anayeomba cheti cha maadili mema katika Idara ya Upelelezi wa Jinai huchovya vidole vyake vyote, awe profesa au mchuuzi, na bila cheti hicho safari ya kutafuta leseni ya bastola haianzi.

Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 20, 1952, na bastola ikawa sehemu ya mavazi ya mlowezi. Wake kwa waume walikula chakula cha jioni silaha zikiwa kando ya sahani. Januari 1953, wanawake wawili Wazungu katika shamba moja Nyeri walivamiwa baada ya mlo wa jioni, wakawapiga risasi wavamizi, na magazeti ya Uingereza yakawafanya mashujaa. Msituni, kwa upande wa pili, wapiganaji walikuwa wakichonga bunduki kwa mabomba ya maji, komeo za milango na vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu. Baadhi ziliwalipukia wenyewe. Kwa Mkikuyu, kukutwa na hata risasi moja mfukoni kulimtia hatarini, kwa kuwa kuanzia 1953 kupatikana na silaha au risasi kulifanywa kosa la kunyongwa. Mwanahistoria David Anderson, aliyepekua kumbukumbu za mahakama za kipindi hicho, anahesabu watu 1,090 walionyongwa. Waliokwenda kitanzini kwa kukutwa na silaha au risasi walikuwa wengi kuliko waliohukumiwa kwa kuua.

Ndipo tufike alfajiri ya Oktoba 21, 1956, pembezoni mwa msitu wa Nyandarua upande wa Nyeri.

Kimathi alikuwa amechoka na ana njaa. Kwa miezi kadhaa alikuwa akiwindwa na afisa wa ujasusi Ian Henderson, aliyewatumia waliokuwa wapiganaji wa Mau Mau kuwasaka wenzao. Alfajiri hiyo, akiwa amevaa koti lake la ngozi ya chui, alikutana na polisi wa kikabila, Ndirangu Mau. Ndirangu alimwamuru asimame; Kimathi hakusimama, na Ndirangu akafyatua. Risasi ya tatu ilimpata Kimathi pajani. Picha yake akiwa amelazwa kwenye machela, mikono imefungwa pingu, ilizunguka duniani na ingali inazunguka.

Wote wawili walikuwa wana wa Nyeri, wote wawili walikuwa na silaha. Ya Ndirangu alikabidhiwa na serikali kwa sababu alipigwa msasa akaonekana mwaminifu. Ya Kimathi haikuwa na karatasi. Mahakama haikuhitaji kujua zaidi ya hapo.

Ninayoyaeleza hapa juu ya kesi nimeyatoa zaidi katika kitabu kilichohaririwa na mwanahistoria Julie MacArthur mwaka 2017, ambamo kumbukumbu za kesi zilizodhaniwa kupotea zilichapishwa hatimaye. Ukizisoma unashangaa jinsi mambo yalivyobanwa. Jaji Mkuu Kenneth O'Connor alisikiliza kesi akiwa na wazee watatu Waafrika kama washauri wa mahakama. Upande wa mashtaka ulikuwa na kazi nyepesi: kuthibitisha kwamba bastola ilikuwa bastola, kwamba ilikuwa ya Kimathi, na kwamba hakuwa na mamlaka halali ya kuwa nayo. Miaka minne ya vita, maelfu ya waliokufa, mamia ya maelfu waliohamishwa na kufungwa kambini, vyote hivyo vilibaki nje ya mlango.

Kimathi alijitetea kwamba alikuwa njiani kwenda kujisalimisha. Utetezi huo haukuwa wa kipuuzi. Serikali ilikuwa imewahi kutoa msamaha kwa wapiganaji waliotoka msituni, na wapo waliotoka na bunduki zao mkononi wakaachwa hai. Tatizo ni kwamba msamaha wa mwisho ulikuwa umefungwa Julai 1955, miezi 15 kabla ya asubuhi ile. Wakili wake alileta pia suala la kifafa, ugonjwa uliomsumbua Kimathi kwa muda mrefu. Mahakama haikushawishika. Wazee wote watatu walimwona ana hatia, jaji akakubaliana nao, na hukumu ikawa kifo. Rufaa yake katika Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iligonga mwamba, na London ikakataa kuisikiliza. Alinyongwa gerezani Kamiti Februari 18, 1957, akazikwa mahali ambapo familia yake haikuonyeshwa. Mjane wake, Mukami Kimathi, alifariki Mei 2023 bila kuzika mifupa ya mumewe. Ahadi za serikali hazikutimia.

Kuna mtu wa kumweka kando ya Kimathi, naye ni Waruhiu Itote, maarufu kama Jenerali China. Alikuwa amepigana Burma katika jeshi la Mwingereza, kwa bunduki ya Mwingereza, na hakuna aliyemwuliza leseni. Alipokamatwa Januari 1954 alishtakiwa kwa mambo yaliyojumuisha kupatikana na risasi, akahukumiwa kifo. Alikubali kusaidia mazungumzo ya kuwashawishi wenzake wajisalimishe, adhabu ikabadilishwa, na baada ya uhuru akawa mmoja wa wakuu wa Huduma ya Vijana kwa Taifa. Kosa la aina moja, sheria za aina moja. Uhai ulitegemea kama serikali ilimwona mtu ana faida kwake.

Mtazamo huo ulipewa hata karatasi yake. Wakikuyu, Waembu na Wameru waliopita katika mchujo walipewa vyeti vya uaminifu, na katika uchaguzi wa Waafrika wa mwaka 1957, mtu wa jamii hizo asiyekuwa na cheti hicho hakupiga kura. Watafiti hupenda kuandika juu ya vyeti hivyo wanapoeleza siasa za ardhi. Kwa maoni yangu vina nafasi pia katika historia ya leseni za silaha, maana hapo ndipo Wakenya walipozoea kwamba swali kubwa la mpiga msasa ni wewe ni mtu wa nani.

Uhuru ulipokuja Desemba 1963, sheria ya 1953 ilirithiwa pamoja na ofisi, mafaili na mihuri. Waziri Tom Mboya aliuawa kwa bastola katikati ya Nairobi Julai 5, 1969, na mjadala wa leseni haukufufuka kwa maana yoyote. Marufuku dhidi ya Mau Mau yenyewe ilisubiri hadi 2003 kuondolewa. Miaka minne baadaye Rais Mwai Kibaki alizindua sanamu ya Kimathi katika barabara inayoitwa kwa jina lake, na msanii akampa bunduki.

Tikiso pekee la maana lililokuja karibuni ni la Desemba 2018, Waziri wa Usalama wa Ndani Fred Matiang'i alipofuta leseni zote za raia na kuwapa wamiliki siku 90 kupigwa msasa upya na Bodi ya Leseni za Silaha. Foleni zilijaa watu wasiozoea foleni: wafanyabiashara, mawakili, wabunge. Wengi walilalamika kwamba walikuwa wakitendewa kama washukiwa. Waliopita waliingizwa katika mfumo mpya wa kielektroniki. Hatua hiyo ilikuwa sahihi, nami niliiunga mkono, kwa kuwa bastola zilikuwa zimeanza kuonekana viunoni mwa watu ambao hata pikipiki hupaswi kuwaazima.

Hata hivyo, kufuta na kuandika upya hakukugusa sheria yenyewe. Mwananchi wa kawaida, mwenye duka la jumla Gikomba anayebeba mauzo usiku, hujaza fomu, huleta cheti cha maadili mema, hueleza sababu yake, kisha hungoja. Akinyimwa, “kwa sababu yoyote ile” inatosha. Mwanasiasa mwenye maneno mazito na kesi mahakamani huonekana kila wiki akiwa na silaha yake halali. Simdai mtu yeyote bastola, na kama ingekuwa juu yangu zingekuwa chache zaidi. Ninachodai ni kwamba kunyimwa kuwe na sababu inayosomeka na kupewa kuwe na sababu inayosomeka.

Bunge lina uwezo wa kuliandika hilo. Kamati ya usalama iitishe Sura ya 114 yote, si kipengele kimoja kimoja, itoe yale maneno ya 1920, iweke vigezo vya wazi vya makosa ya nyuma, ugomvi wa nyumbani na afya ya akili, na iilazimu Bodi ichapishe kila mwaka imetoa leseni ngapi na imekataa ngapi. Na Idara ya Mahakama iweke nakala ya kesi ya Kimathi mahali ambapo mwanafunzi wa Nyeri ataisoma bila kuagiza kitabu kutoka ng'ambo.